Motakaa Nyepesi katika Mashindano ya Mwaka 1909

Zamani motakaa zilipoanza kuenea katika nchi ya Marekani, zilikuwa vyombo vya matajiri, na matajiri walipenda motakaa kubwa na nzito. Walidhani ya kuwa uzito ndio nguvu, na ya kuwa gari jepesi litavunjika mara litakapokutana na jiwe. Henry Ford wa mji wa Detroit hakukubali fikira hiyo. Mwaka 1908 alitoa motakaa iliyoitwa Model T, yenye nguvu za farasi 20 tu. Baadhi ya vyuma vyake vilikuwa vya chuma cha pua kilichochanganywa na vanadi, kusudi viwe vyembamba wala visivunjike upesi.

Basi, jambo hilo lilipata kujaribiwa mbele ya watu wote. Tarehe 1 Juni 1909 yalifunguliwa maonyesho makubwa katika mji wa Seattle, kwenye pwani ya magharibi. Rais Taft aliyafungua kwa kubonyeza ufunguo wa simu, naye mwenyewe yuko Washington. Siku ile ile motakaa 5 zikaondoka New York, kwenye pwani ya mashariki, kushindana kwenda Seattle, mwendo wa maili zaidi ya 4,000. Mbili zilikuwa za Ford, zimevuliwa kila kitu kisicho cha lazima, hata zikawa nyepesi sana. Nyingine zilikuwa Acme, Itala ya Italia, na Shawmut, ambayo uzito wake ulipita ratili 4,000.

Mpaka St. Louis barabara zilikuwa njema kiasi. Kutoka hapo kwenda magharibi mvua ilikuwa imeharibu njia, na mahali pengine hapakuwa na njia kabisa, hata wakapita juu ya mataruma ya reli. Msomaji anayejua matope ya masika hana haja ya kuelezwa. Motakaa nzito ikizama hutaka ng'ombe au farasi wa kuivuta. Ile nyepesi watu wachache waliweza kuiinua kwa mikono, wakaendelea na safari. Itala ilishindwa njiani. Karibu na mwisho, katika milima ya Snoqualmie, wakakuta theluji, ingawa ulikuwa mwezi wa Juni.

Tarehe 23 Juni Ford ya pili, iliyoendeshwa na Bert Scott na Jimmy Smith, ikaingia Seattle kwanza. Shawmut ikafuata, imechelewa kwa muda wa saa 17 hivi. Kwa safari ya siku 22, hayo si mengi; wala wanaosema ya kuwa ile nzito ilishindwa vibaya hawasemi sawasawa.

Walakini habari haikuishia hapo. Sheria ya mashindano ilikataza kubadili injini, na vyuma vikubwa vilipigwa mhuri kabla ya kuondoka. Wenye Shawmut wakashtaki, na baada ya miezi kama 5 ikathibitika ya kuwa Ford ile ilibadilishwa injini njiani. Ikanyang'anywa ushindi, ukapewa Shawmut.

Mimi naona mambo haya mawili yasichanganywe. Kwamba motakaa nyepesi yafaa katika njia mbaya, hilo lilionekana wazi, kwa maana hata Ford ya kwanza, ambayo haikuhukumiwa hivyo, ilifika Seattle. Kwamba ilishinda kwa haki, hilo si kweli.

Lakini hukumu ilikuja wakati Ford amekwisha kutangaza ushindi wake kila mahali, na watu walikuwa wakinunua. Model T ilitengenezwa mpaka mwaka 1927, nazo jumla zikapita 15,000,000. Shawmut je? Kiwanda chao kilikuwa kimeungua moto mwaka 1908, nao waliingia mashindanoni kwa tumaini la kupata watu wa kuwatolea fedha wajenge tena. Ushindi ulipowafikia, kampani ilikuwa imekwisha kufa.