Jina la Kiswahili katika Siasa za Wakenya Uhamishoni

Juni 1982 Bunge la Kenya liliifanya nchi kuwa ya chama kimoja kisheria. Mwaka huohuo iliundwa London kamati ya kudai kuachiwa kwa wafungwa wa kisiasa wa Kenya, mwenyekiti wake akiwa John La Rose, mchapishaji mzaliwa wa Trinidad. Miongoni mwa wanakamati walikuwamo waandishi wawili waliokwisha kuonja jela: Abdilatif Abdalla, aliyefungwa miaka mitatu kwa ajili ya waraka wa Kenya: Twendapi?, na Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyewekwa kizuizini kuanzia Desemba 1977 hadi Desemba 1978.

Kamati ilitetea watu, haikuwa chama. Chama kilikuja 1987, wakati msako dhidi ya Mwakenya ulipokuwa umejaza mahabusu nchini. Kiliitwa Umoja, na Ngũgĩ ndiye aliyekiongoza. Wanahistoria aghalabu hulipita jina hili haraka, ilhali ndani yake mna hoja nzima. Ngũgĩ alikuwa ametangaza 1986 kwamba ameachana na Kiingereza, ataandika kwa Kigĩkũyũ na Kiswahili. Riwaya zake zilichukua lugha ya kwanza. Siasa haikuweza. Chama chenye jina la Kigĩkũyũ kingeipa serikali ya Moi, bila jasho, shutuma ya ukabila. Kiswahili hakikuwa na kabila la kulaumiwa.

Msamiati wa harakati zenyewe haukuwa wa sauti moja. Gazeti la siri la Mei 1982 liliitwa Pambana, yaani amri. Lile la Mwakenya likaitwa Mpatanishi, jina la mzee wa baraza anayesuluhisha ugomvi. Ni uteuzi wa ajabu kwa kundi lililoazimia kuiondoa serikali, isipokuwa kama msomaji aliyelengwa alikuwa raia mwenye hofu.

Ila Umoja ulikuwa na udhaifu ambao jina halikuweza kuuficha: wasemaji wake walikuwa Ulaya, na waliokamatwa siku ya Saba Saba, 7 Julai 1990, walikuwa Nairobi. Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, uwanja wa siasa ulitwaliwa na vyama vilivyoundwa nyumbani. Ngũgĩ hakurudi Kenya hadi 2004. Abdilatif alihamia Leipzig 1995, akafundisha Kiswahili chuoni huko hadi 2011.