Karema: Ngome Iliyomtangulia Mjerumani

Nchini Tanzania, jengo la kale lenye kuta nene huitwa la Mjerumani kabla halijaulizwa umri wake. Katika Mkoa wa Katavi mazoea hayo yana kishawishi cha kutosha. Kusini, mwambaoni mwa Ziwa Tanganyika, iko Kasanga, ambayo Wajerumani waliiita Bismarckburg wakaweka boma lao. Kaskazini, Reli ya Kati waliifikisha Kigoma mwaka 1914. Anayeiona ngome ya Karema, mwambaoni mwa ziwa hilohilo, au anayepanda treni ya mji wa Mpanda, halaumiwi akidhani navyo vimetoka mkono uleule. Tarehe ndizo zinazomkatalia.

Kituo cha Karema kilianzishwa mwaka 1879 na Ernest Cambier, afisa wa Kibelgiji aliyetumwa na Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika. Jumuiya hiyo ilitokana na mkutano ulioitishwa Brussels na Mfalme Leopold II mwaka 1876, na ilijitangaza kuwa ya sayansi na ya kupinga biashara ya watumwa. Mjerumani Carl Peters alikuja kukusanya mikataba yake ya kikoloni Usagara mwishoni mwa 1884, miaka mitano baadaye. Wakati huo Karema ilikuwa imekwisha kuvuka ziwa: Émile Storms, mkuu wake, alianzisha kituo cha Mpala upande wa Kongo mwaka 1883. Hata umbali uliopo leo kati ya ngome na maji una tarehe yake. Mto Lukuga ulipofungua njia ya kutokea ziwani, karibu na 1878, maji yalianza kushuka, na katika miaka 15 hivi yalipungua kwa takriban mita 10. Cambier alichagua ufuko ambao haupo tena.

Yupo atakayesema kwamba mwambao huu uliingia katika himaya ya Wajerumani, kwa hiyo ngome ikawa yao. Ramani ilikuwa yao, kuta hazikuwa. Leopold alikuwa amegeukia Kongo, na mwaka 1885 Karema ikakabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, shirika lililoanzishwa Algiers na Kardinali Lavigerie, ambalo wengi wa mapadri wake walikuwa Wafaransa. Na hata kusema “Mbelgiji” ni nusu ya jibu, maana misafara yake ilibebwa na wapagazi wa Kinyamwezi na kulindwa na askari walioandikishwa Unguja. Baadaye akaja Adrian Atiman, aliyezaliwa Afrika Magharibi, akauzwa utumwani, akakombolewa na kusomea utabibu Malta. Alifika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880 na kutibu watu huko mpaka alipofariki mwaka 1956. Lebo ya Mjerumani huwafunika wote hawa kwa neno moja.

Reli ya Mpanda nayo ina kisa cha namna hiyo, ila kosa lake limegeuka upande. Karema hupewa umri mdogo kuliko wake. Reli hupewa mkubwa, kwa kuwa shina lake, Reli ya Kati, ni kazi ya Wajerumani kweli. Tawi lenyewe, la kilomita zipatazo 210 kutoka Kaliua, lilijengwa na Waingereza baada ya Vita Kuu ya Pili na kukamilika mwaka 1950. Sababu yake ilikuwa chini ya ardhi: madini ya risasi ya Mukwamba, yaliyochimbwa na kampuni ya Uruwira Minerals. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, mwaka mmoja kabla ya Uhuru, lakini reli ikabaki na mji wa Mpanda ukabaki nayo.

Pingamizi zito zaidi ni la yule anayeuliza: mkoloni ni mkoloni, kuna tofauti gani? Ipo, kwa sababu kila mjenzi alikuwa na haja yake. Ngome ya Karema inaonyesha jinsi utawala ulivyoanza kwa jina la utafiti na huruma. Storms huyohuyo, Desemba 1884, alimshambulia mtemi Lusinga ng'ambo ya ziwa na kichwa cha mtemi kikapelekwa Ulaya. Reli inaonyesha koloni likikumbuka sehemu ya nchi pale tu ilipotoa madini. Tukizichanganya, sababu zote mbili zinapotea.

Wala hili si kuwakana wazee. Mzee anaposema “enzi za Mjerumani”, mara nyingi anataja kina cha wakati, si taifa, na kumbukumbu yake ya nani alibeba mawe inaweza kuwa kamili kuliko nyaraka. Kwa hiyo anayemsikiliza asimuulize nani alijenga. Amuulize ni lini, na kulikuwa na nini hapo kabla: mjenzi wa Karema na wa reli ya Mpanda wote wanajulikana kwa njia hiyo.