Stroberi za Bugarama na Akiba Isiyooza

Wahenga walisema akiba haiozi, lakini wahenga hao hawakuwahi kuweka stroberi. Tunda hili huchumwa kwenye baridi ya Bugarama, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kisha huteremshwa kwa barabara ya kitaifa namba 1 hadi Bujumbura, jiji la joto lililo karibu mita 800 tu. Hapa Kibenga, jirani na Ziwa Tanganyika, muuzaji hupita asubuhi na vikapu vyake akitaja bei moja. Jioni, matunda yakianza kutoa maji, huikata bei hiyo nusu. Katika insha hii nitaeleza jinsi tunda hili lilivyotufikia, na kwa nini historia yake haiwezi kutenganishwa na kazi ya kulihifadhi.

Stroberi kubwa tunayoila leo si ya kale sana. Wamapuche wa Chile walilima aina yao kabla ya Wahispania kufika. Waliila mbichi, waliikausha, na waliitengenezea kinywaji. Mwaka 1712 Ufaransa ilimtuma mhandisi wa jeshi, Amédée-François Frézier, kupeleleza ngome za Wahispania huko. Aliporudi mwaka 1714 alikuwa na mimea mitano tu iliyonusurika baharini. Yote ilikuwa ya kike, kwa hiyo haikuzaa vizuri mpaka ilipopandwa karibu na aina nyingine ndogo iliyotoka Amerika ya Kaskazini. Mwaka 1766 Antoine Nicolas Duchesne alieleza kwamba stroberi mpya ilikuwa mtoto wa aina hizo mbili. Basi tunda tunaloliita la Kizungu lina wazazi wawili wa Amerika, waliokutana ugenini.

Kwetu, jina lake ni ushahidi wa njia lililopita. Nairobi na Dar es Salaam watu husema stroberi, neno lililotoka kwa Waingereza. Bujumbura utasikia zaidi fraise, Kifaransa cha Wabelgiji walioitawala nchi tangu 1916 hadi uhuru wa tarehe 1 Julai 1962.

Hata hivyo, maarifa ya kuhifadhi chakula hatukuyangoja kutoka Ulaya. Wavuvi wa ziwa hili wamekuwa wakianika ndagala juani tangu zamani, kwa sababu kitu kilichokauka hakiozi upesi. Stroberi ni ngumu zaidi: karibu sehemu tisa kati ya kumi za uzito wake ni maji, na huanza kuchacha kabla jua halijaikausha. Hapo ndipo sukari huingia. Sukari huyashika maji hayo yasitumiwe na vijidudu vya uozo. Moto na chupa iliyofungwa vizuri humaliza kazi, kama Nicolas Appert wa Ufaransa alivyoeleza katika kitabu chake cha mwaka 1810, miaka mingi kabla Louis Pasteur hajaonyesha sababu yake.

Bibi yangu hakusoma habari za Appert. Alijifunza wakati wa vita vilivyoanza Oktoba 1993. Barabara ya Bugarama ilikuwa na mashambulizi, na magari yalisafiri kwa misafara yenye ulinzi wa askari. Kuna wiki ambazo hakuna kikapu kilichoshuka. Kilipofika, bibi hakungoja kesho: kilo moja ya matunda, sukari kilo kasoro robo, maji ya ndimu mbili, kisha moto hadi jamu ishike kijiko. Chupa na vifuniko vilichemshwa kwanza. Chupa moja aliiweka kwa ajili ya dada yake aliyekuwa Muramvya, ng'ambo ya barabara hiyo hiyo. Waliifungua pamoja baada ya miezi kumi na minne. Bibi husema ilikuwa bado nyekundu.

Wapo wanaosema jamu ni anasa ya wenye nacho. Mimi naona historia hii inasema vingine. Siku hizi barabara inapitika, lakini sukari ya Moso inapoadimika madukani, wengi huacha kupika, na matunda hubaki kikapuni. Sisi wanunuzi tunaongoja bei ya jioni hatupotezi chochote. Anayepoteza ni muuzaji, na nyuma yake mkulima aliyeinama shambani kwenye ukungu wa Bugarama. Familia chache zikikubaliana kununua sukari pamoja na kupika siku moja, kikapu cha jioni kitakuwa na mnunuzi.

Bibi mpaka leo hanunui jioni. Hununua saa tatu asubuhi, kwa bei kamili, wakati tunda bado ni gumu na linafaa kuwekwa. Nilipomuuliza kwa nini hangoji bei ishuke, alinijibu kwamba akiba haiozi, mjukuu wangu, ila lazima uianze kabla haijaoza.