Mazuku na Maada ya Giza: Historia ya Kupima Kisichoonekana

Magharibi mwa mji wa Goma, kando ya Ziwa Kivu, yapo mashimo katika uwanda wa lava ambamo mbuzi, mbwa na hata watu hufa pasipo jeraha. Jambo hilo huitwa mazuku, neno ambalo wengi hulifasiri kuwa upepo mbaya, na ambalo wataalamu wa volkano wa mataifa mengine wamelichukua bila kulibadili. Neno hilo linataja athari. Halisemi ni nini kinachoua.

Asemaye ni pepo na asemaye ni gesi, wote wawili wanakieleza kifo. Tofauti ni kwamba maelezo ya gesi yanaweza kukanushwa. Kaboni dioksidi ni nzito kuliko hewa kwa takriban mara moja na nusu. Basi yapasa ijae mabondeni wala si vilimani, izidi usiku usio na upepo, izime taa, na imdhuru mtoto kabla ya mtu mzima aliyesimama. Lau sharti moja lingeshindwa, maelezo yangetiliwa shaka. Masharti hayo yamethibitika, na vipimo vimeionyesha gesi yenyewe. Pepo hana sharti: akiua ni hasira, asipoua ni huruma.

Kipimo hicho hicho chafaa kutumiwa katika suala la maada ya giza. Mwaka 1933, Fritz Zwicky aliona kwamba galaksi za kundi la Koma zakimbia mno kiasi kwamba maada inayoonekana haiwezi kuzizuia zisitawanyike. Mwaka 1970, Vera Rubin na Kent Ford walichapisha vipimo vya galaksi ya Andromeda: sehemu za pembeni hazikupunguza mwendo kama ilivyotarajiwa. Baadaye kupinda kwa nuru kupitako makundi ya galaksi kulitoa ushahidi wa njia nyingine.

Nadharia mbadala hazikukosekana. Ile ya Mordehai Milgrom, ya 1983, iliyopendekeza kurekebisha kanuni za mwendo, yaheshimiwa hata na wapinzani wake, kwa kuwa hutabiri mambo yanayopimika; hufaulu katika galaksi nyingi na kupungukiwa katika makundi yake. Hali ni tofauti kwa wanaodai kwamba umeme wa plazma ndio unaozizungusha galaksi. Nguvu za umeme huweza kusukuma gesi yenye chaji, lakini haziwezi kuiburuta nyota kama Jua. Hata hivyo nyota na gesi huzunguka kwa mwendo unaokaribiana. Aidha, hazielezi kupinda kwa nuru. Nadharia inayojibu swali moja na kuyanyamazia mengine haijashinda.

Hata hivyo, shaka haina budi kukata pande zote mbili. Mwaka 1846, Urbain Le Verrier alikokotoa mahali pa sayari isiyojulikana, na Neptune ikaonekana. Mwaka 1859 alitumia hoja ya namna hiyo kutangaza sayari nyingine karibu na Jua, iliyoitwa Vulcan. Haikuwapo, mwaka 1915, Albert Einstein alionyesha kwamba kilichopungua kilikuwa kanuni ya uvutano. Chembe za maada ya giza nazo bado hazijanaswa katika maabara yoyote.

Mjini Goma, suala hili si la vitabuni tu. Baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, wakazi wa sehemu kubwa ya mji waliamriwa kuhama tarehe 27 Mei, na miongoni mwa hofu zilizotajwa ilikuwa kulipuka kwa gesi ya ziwani. Gesi hiyo ipo kweli: takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za methani. Kwa hiyo, kutilia shaka hakukuwa kuikana hatari, bali kuuliza ni nini kilichopimwa, wapi, na kwa kina gani.

Istilahi nayo yahitaji uangalifu. Kitu cheusi huzuia nuru. Maada hii haizuii, wala haitoi nuru. “Maada isiyoonekana” lingekuwa jina sahihi zaidi, na msemaji wa Goma, aliyeonywa tangu utotoni asilale bondeni, angelielewa upesi.