Msitu wa Miyazaki, mathenge ya Turkana

Kijani unachokiona ukitoka Lodwar kwenda Kakuma mara nyingi si mgunga. Ni mathenge. Mti huu ulitoka Amerika, ukapandwa Kenya mwaka wa 1973 kwenye machimbo ya Bamburi, Mombasa, na mapema miaka ya 1980 ukapelekwa nyanda kame ili uzuie mchanga na kutoa kuni. Ukakubali, tena kupita kiasi. Ulimeza kingo za Turkwel, miiba yake ikatoboa miguu na tairi. Watu wa Baringo walifika hadi mahakamani Nairobi na mbuzi asiye na meno, kibogoyo kabisa, wakisema ni maganda yake matamu yaliyomfanya hivyo.

Miaka hiyohiyo, Japani, Hayao Miyazaki alikuwa anachora msitu wake. Alizaliwa Tokyo 1941, akaingia studio ya Toei 1963, na filamu yake ndefu ya kwanza ikatoka 1979. Wazo lake lililofuata lilikataliwa kwa kuwa halikutokana na kitabu cha katuni. Basi akaanza kuchora kitabu chenyewe, 1982. Machi 1984, Nausicaä wa Bonde la Upepo ikaingia sinema. Mafanikio yake ndiyo yaliyozaa studio ya Ghibli, 1985. Jina hilo ni la ndege ya Kiitaliano, nayo iliitwa hivyo kwa upepo wa joto wa jangwa la Libya; shina lake la Kiarabu ndilo lililotupa sisi kibla.

Kwenye filamu, msitu wa sumu unasambaa na wenye silaha wanataka kuuchoma. Nausicaä anapanda mbegu zake kisirisiri, kwa maji safi, na miti inaota bila sumu. Kumbe sumu iko udongoni, waliiacha watu.

Mathenge haisafishi chochote, tusidanganyane. Lakini Kakuma, kambi iliyoanzishwa 1992, inahitaji moto wa kupikia kila siku, na akina mama Waturkana hukata mti huohuo na kuwauzia wakimbizi kuni na makaa. Kwa hiyo anayesema tung'oe yote aanze na sufuria zao.

Filamu inaacha msitu kama kazi ya maumbile. Katuni ya vitabuni, ambayo Miyazaki aliimaliza 1994, inasema jingine: msitu ulitengenezwa na watu wa kale, kwa makusudi, ili uiponye ardhi.