Mapambo ya Nyumba katika Enzi ya Romaneski

Jina la mtindo wa Romaneski limetokana na isimu. Mwaka 1818 Mfaransa Charles de Gerville aliyaita «roman» majengo yaliyotangulia mtindo wa Gothiki, akiyalinganisha na lugha zilizozaliwa na Kilatini.

Wengi hudhani kwamba nyumba za enzi hiyo zilikuwa na kuta tupu za mawe. Sivyo. Mjini Cluny, Ufaransa, zingalipo nyumba za karne ya 12: chini duka, juu ukumbi wenye safu ya madirisha na nguzo ndogo zilizochongwa. Kuta za ndani zilipakwa chokaa na rangi. Matajiri walitundika vitambaa vilivyotariziwa, ambavyo vilipamba na kuzuia baridi. Samani zilikuwa chache: masanduku, mabenchi, na meza zilizoondolewa baada ya chakula. Bwana alipohamia ngome nyingine, vyote vilimfuata.

Hali hiyo yakumbukwa katika neno la Kifaransa «meuble», litokalo katika Kilatini «mobilis», yaani kinachohamishika. Jiwe limebaki, kitambaa kimeoza. Basi mwanahistoria asiyahukumu makao ya wahenga kwa mawe pekee. Maneno nayo ni mashahidi.