Betri, Swichi na Mwanga wa Mashambani Meru na Embu

Historia ya mwanga mashambani Meru na Embu kwa kawaida husimuliwa kwa mfuatano wa taa: koroboi, kandili, tochi ya balbu, sola, na sasa LED. Naona masimulizi hayo yanaanzia mahali pasipofaa. Taa ndiyo inayoonekana, lakini saa ambazo familia ya Igembe kule Meru au ya Mbeere kule Embu ilikaa na mwanga, na gharama iliyobeba, ziliamuliwa na vitu viwili vilivyofichika: betri na swichi. Kila taa mpya ilifika mapema kwenye ukomo wa viwili hivyo, na sehemu kubwa ya kazi ya mafundi wa huko imekuwa kuusukuma ukomo huo mbele kidogo.

Umeme wenyewe ulikuwa karibu. Mto Tana ulizuiwa kwa mabwawa kwenye mipaka ya Embu na majirani zake, kuanzia Kindaruma mwaka 1968, kisha Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Nyaya zikapita juu ya maboma kuelekea Nairobi, na chini yake watu wakaendelea kununua mawe ya tochi, yaani betri kavu. Mengi yalitoka kiwanda cha Eveready kilichoanzishwa Nakuru mwaka 1967 na kufungwa mwaka 2014. Jiwe la zinki na kaboni lina volti 1.5 likiwa jipya. Ukilidai mkondo mkubwa volti huanguka, ukilipumzisha hurudi kiasi. Ndiyo maana watu waliyaanika mawe juani, kwa sababu joto huchangamsha kemia yake kwa muda. Zoea hilo limebezwa kama ushamba, ilhali ni matokeo ya kuchunguza kwa makini kitu kilichonunuliwa kwa jasho. Swichi nayo ilikuwa kipande chembamba cha bati kinachosukumwa kwa kidole gumba. Unyevu wa mlimani ulikitia kutu, na mwenye tochi akaipiga kiganjani ili chuma kigusane upya na chuma. Balbu ilikula mkondo mdogo, takriban nusu ampea au chini yake, kwa hiyo mguso mbovu uliufifisha mwanga tu, bila kuunguza chochote.

Hapa huja pingamizi la kwanza: kwamba tatizo lilikuwa umaskini, na kuzungumzia betri ni kukwepa suala la nani alinyimwa umeme. Kunyimwa kulikuwepo, na mabwawa hayo ni ushahidi tosha. Lakini Meru na Embu zinatupa nafasi ya kuona kilichotokea pesa zilipopatikana. Zilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza ambako Waafrika waliruhusiwa kulima kahawa katika miaka ya 1930, na baridi kali ilipoharibu kahawa ya Brazili mwaka 1975, bei ilipanda na wakulima wa huku wakavuna fedha. Mwaka 1984, katika Shule ya Sekondari ya Harambee ya Karamugi, eneo la Meru la wakati huo, mhandisi Mmarekani Harold Burris na mwalimu wa kujitolea Mark Hankins waliweka taa za sola badala ya jenereta ya dizeli. Mafundi wa huko walifunzwa kazini, na walimu na wakulima wa jirani wakaanza kununua paneli zao wenyewe. Pesa ilikuwepo na jua lilikuwepo. Kilichobaki kuwakwamisha ni betri.

Wengi walitumia betri ya gari, kwa kuwa ndiyo iliyouzwa mjini. Betri hiyo imeundwa kutoa mkondo mkubwa kwa sekunde chache, injini iwake, kisha ijazwe mara moja. Nyumbani iliwashwa tangu jioni hadi usiku, ikanyonywa kupita nusu yake siku baada ya siku, na sahani zake za risasi zikagandwa na chumvi ya salfeti. Televisheni ndogo isiyo na rangi iliongeza mzigo. Utafiti wa Arne Jacobson kuhusu sola nchini Kenya ulionyesha jinsi televisheni ilivyotwaa sehemu kubwa ya nguvu katika mitambo midogo. Kidhibiti cha kuchaji kilipozima taa ili kuiokoa betri, wapo waliokiruka kwa kipande cha waya, wakapata mwanga wa usiku huo na kufupisha maisha ya betri. Swichi nazo zilidai zaidi. Kwa volti 12, taa ya wati zile zile huhitaji mkondo mara 20 ya ule wa volti 240, hivyo mguso legevu usioleta shida kwenye umeme wa gridi huila betri taratibu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: LED imemaliza yote hayo, kwa sababu inatoa mwanga mwingi kwa mkondo mdogo. Kwa tochi ndogo na simu ya mulika mwizi, nakubali. Ila binadamu akipata mwanga nafuu hutaka mwanga mwingi. Mlinzi wa shamba la miraa anahitaji kuona mwisho wa shamba, na mvunaji anayeamka kabla ya alfajiri anahitaji kuona matawi. Fundi anayeitoa LED ya kawaida kwenye tochi ya bei ndogo na kuweka ya nguvu hupandisha mkondo kutoka ampea 0.3 hadi 3. Mguso wenye ukinzani wa omu 0.1 ulikuwa ukitoa joto la wati 0.009, sasa unatoa wati 0.9, mara mia, ndani ya swichi ya plastiki isiyozidi ukucha. Swichi hulainika na springi ya mkiani hupoteza ukakamavu. Dawa inayojulikana ni kulehemu waya wa shaba sambamba na springi, au kuuacha mkondo mkubwa upite kwenye transista huku kitufe kikibeba ishara tu.

Wapo watakaosema lawama yote ni ya bidhaa duni. Ni kweli kwamba betri za lithiamu za milimita 18 kwa 65 huuzwa zikiwa na maandishi ya mAh 9900, wakati zilizo bora huwa na takriban 3500. Lakini hata ile bora ina mkondo ambao haipaswi kuuvuka, na seli kuukuu iliyotolewa kwenye laptopu, bila saketi ya ulinzi, inaweza kushika moto mkononi. Kwa sababu hiyo fundi mzuri haridhiki na volti za betri iliyotulia. Huiwashia taa, huiacha dakika kadhaa, ndipo huweka mita na kusoma kilichobaki. Kipimo hicho cha betri ikiwa kazini ndicho kinachokosekana kwenye hesabu za paneli na taa zilizouzwa, na pa kukitafutia ni kwa mafundi wenyewe na kwa maduka ya kuchaji betri yaliyohudumia vijiji vya kahawa kabla gridi haijafika.